Jik na asidi ya choo si vya kutumika pamoja

Maji ya visima vyetu vingi hapa Mombasa yana chumvi, na yakikauka huacha magamba meupe kwenye vigae na sinki la choo. Sabuni haiyatoi. Ndiyo maana wengi wetu hununua asidi ya choo. Kisha, choo kikishang'aa, mtu huona bado hakijatakata sawasawa, akamimina na Jik juu yake. Hapo ndipo balaa huanza.

Jik ni dawa ya klorini. Ikikutana na asidi hutoa gesi inayochoma macho, koo na mapafu. Na vyoo vyetu mwavijua: chumba kidogo, dirisha ni tundu tu, na anayesugua ameinamia pale pale gesi inapotoka. Ndimu na siki pia ni asidi. Hata choo chenye mkojo uliolala kimwagiwe maji mengi kwanza, kwani mkojo nao ukichanganyika na Jik hutoa mvuke mbaya.

Ukisikia harufu inakukaba, usijikaze umalize kazi. Toka, acha mlango wazi, ukae penye upepo. Kifua kikibana au kikohozi kisipokoma, nenda hospitali.

Basi jua kila dawa na kazi yake. Asidi hutoa magamba ya chumvi. Jik huua viini vya maradhi. Zitumie siku mbalimbali. Zile dawa za kunukia ni jambo jingine. Harufu ya waridi peke yake haiui kiini, soma kibandiko.

Jik nayo haifanyi kazi juu ya uchafu. Osha kwa sabuni, suuza, ndipo upake dawa. Tazama nguvu yake kwenye chupa. Ikiwa ni asilimia 3.5, kijiko kimoja cha mezani kwa lita moja ya maji chatosha kwa sakafu na meza. Penye matapishi au choo cha mgonjwa wa kipindupindu, changanya kikombe kimoja cha dawa na vikombe 6 vya maji, uiache dakika 10 kabla ya kusuuza. Maji yawe baridi, glavu mkononi, na uchanganye ya siku hiyo tu, maana nguvu hupungua.

Linalonitia hofu zaidi ni dawa ya kupima, ile inayouzwa kwenye chupa kuukuu za soda. Nguvu yake huijui, huenda imeshinda juani, na mtoto mwenye kiu hana habari kwamba si soda. Akiinywa, usimtapishe, maana ikirudi juu itamchoma koo mara ya pili. Msukutue kinywa kwa maji, umkimbize hospitali, na ile chupa uende nayo.