Taji la Fedha, Mfuko Mtupu

Saa nane usiku, mwenzio kalala, wewe bado uko kwenye kompyuta unaamua ugomvi wa watu usiowajua. RuneScape, gemu la mtandaoni lililoanzia Uingereza mwaka 2001, huwapa baadhi ya wachezaji waaminifu kazi ya kujitolea: kusimamia nidhamu. Wanapata taji dogo la rangi ya fedha kando ya jina, na uwezo wa kuwanyamazisha watukanaji. Mshahara? Hakuna. Huko Marekani, waliokuwa wasaidizi wa kujitolea wa Ultima Online walienda mahakamani mwaka 2000 kudai malipo. Kesi ikaisha kwa maelewano 2004. Kujitolea si ujinga, heshima ina raha yake. Ila panga saa ya kuzima kompyuta, mwambie mwenzio, kisha uitimize.