Pipa la katikati halifunguliwi

Nyuma kushoto, mbele kulia, nyuma kulia, mbele kushoto. La katikati mwisho, na ukiona limefunguliwa ujue kuna jambo.

Huo ndio mpangilio wa kutumia mapipa matano ya plastiki ya bluu, kila moja la lita 200, yanayopanda tela pale Karatu kuelekea Ndutu msimu nyumbu wanapozaa. Kila pipa lina namba yake ubavuni, imeandikwa kwa chaki. Niliyakuta yakijazwa kisimani wakati nangoja chapati kwenye kibanda cha jirani, na swali lililonishika halikuwa kubwa: kwa nini matano? Matangi ya lita 1,000, yale meupe yaliyofungiwa kwenye kizimba cha chuma, yanauzwa. Tangi moja lina mdomo mmoja na koki moja. Mapipa matano yana mifuniko kumi na kamba zisizo na idadi, na foleni ya kisimani inakununia.

Mwenye tela ni dereva wa kambi. Wageni hupanda gari jingine na mwongozaji wao. Yeye hutangulia na mahema, jiko, mpishi, vijana wawili na maji. Ameomba nisimtaje kwa kuwa ni mwajiriwa. Vijana wake humwita Mzee, nami nikafuata.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kwa mapipa? Wote huuliza mapipa. Panda juu uone."

Aliyewahi kulala kwenye kambi maalumu za hifadhini anajua hakuna bomba, hakuna choo, hakuna umeme. Unaonyeshwa eneo lako chini ya migunga, basi. Ndutu kuna ziwa, na jirani yake kuna Masek, ila yote mawili ni ya magadi. Mpishi anaamka anatazama maji yametanda mbele yake, kisha anainjika chai kwa maji ya Karatu. Na maji ya Karatu hayafiki huko bila kupanda kwanza: kutoka mjini hadi lango la Loduare, juu hadi ukingo wa kreta ulio zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, ndipo yateremke Malanja, yapite Oldupai na kuingia mbugani. Lita moja ni kilo moja. Lita 1,000 ni tani nzima, hujaweka hata sufuria.

Uzito huo haumsumbui Mzee. Kinachomsumbua ni nusu yake.

"Tangi likijaa pomoni, maji hayana pa kwenda," alisema, akigonga pipa la mbele kwa kifundo cha kidole. Lilitoa mlio mfupi, mzito. "Likiwa tupu, umevuta plastiki. Taabu ni nusu. Maji ya nusu tangi ni kama abiria anayehama kiti bila kuaga."

Alianza kazi hii na tangi moja jeupe. Siku ya kwanza tela lilitulia, zito lakini la adabu. Siku ya tatu kampuni ikataka kambi ihamishwe, tangi likiwa limebaki na lita mia tano hivi. Kwenye mpando, maji yote yakakimbilia nyuma. Nusu tani ikawa nyuma ya ekseli, ikainua ulimi wa tela, na Land Cruiser ikahisi mkia wake umenyanyuliwa. Matairi ya nyuma yakapoteza mshiko kwenye udongo mwekundu uliolowa. Akavuka. Kwenye mteremko maji yakarudi mbele yote kwa pamoja, kila alipogusa breki, na kila yalipofika yaligonga. Gari lilisukumwa, likatulia, likasukumwa tena. Hakupinduka. Alipofika chini alisimama, akafungua koki, akamwaga maji yote barabarani, utingo wake akimtazama kama mtu aliyerukwa na akili.

"Tulilala siku ile bila kuoga, na mpishi alininunia hadi Arusha. Lakini tulilala."

Anayefuata magari ya mafuta kwenye barabara ya Dodoma anatazama jibu la tatizo hili bila kulijua. Tangi la lori la mafuta kwa kawaida limegawanywa vyumba ndani, na ndani ya vyumba huweza kuwekwa mabati yenye matundu, ili shehena isipate mwendo wa kukimbia kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Tangi jeupe la kizimba halina kitu ndani. Lilibuniwa likae wima ghalani au lisafirishwe likiwa limejaa. Halikubuniwa lipunguzwe kidogo kidogo na mpishi anayeosha mchele.

Mapipa matano, basi, ni vyumba vitano. Wakati wowote wa safari ni pipa moja tu linaloweza kuwa nusu. Mengine ama yamejaa ama ni matupu. Maji yanayoweza kucheza hayazidi ya pipa moja.

Lakini kugawa ni nusu ya ujanja. Nusu nyingine ni zamu, na hapa ndipo nilipoisahau chapati yangu.

Mapipa manne yamekaa kwenye pembe za tela, la tano juu ya ekseli. Anaanza kumaliza la nyuma kwa sababu kosa likitokea, bora uzito ubaki mbele, ukandamize ndoano. Tela lililolemewa nyuma huanza kuchezesha mkia, na likishika kasi ya kucheza hulirudishi kwa usukani. Anaanza na la kushoto kwa sababu tunaendesha upande wa kushoto, na barabara huinama kuelekea ukingoni. Tela tayari limeegemea huko, hana haja ya kuliongezea. Kisha anavuka pembe kwa pembe kwenda mbele kulia, na mizani inarudi: kilo 200 zimetoka nyuma, 200 mbele, 200 kila upande. Halafu nyuma kulia. Halafu mbele kushoto.

Nikamwambia kwamba likiisha la nyuma kulia, yanabaki la mbele kushoto na la katikati, yaani tela linaegemea kushoto kulekule alikokukimbia. Akacheka kwa furaha, nadhani kwa sababu kuna mtu amefuatilia.

"Ndiyo. Lakini hapo zimebaki kilo mia nne. Mia nne hata zikiegemea, zitafanya nini?"

La katikati halina zamu. Liko juu ya ekseli, kwa hiyo likijaa au likiisha ulimi wa tela hauhisi tofauti. Ni akiba, na mifuniko yake imefungwa kwa waya ambao yeye peke yake ana koleo la kuukata. Vijana wanalitania pipa hilo. Hakuna anayeligusa.

Hesabu ya yaliyobaki anaifanya kichwani, kwa wageni sita, wafanyakazi wanne, siku tatu. Maji ya kunywa ya wageni hayamo. Yanakuja kwenye gari lao, ndani ya chupa kubwa. Kuoga: lita 12 kwa mgeni, ingawa mfuko wa bafu unachukua 20. Anawaeleza mapema: jilowanishe, funga, paka sabuni, fungua. Jumla 72. Mabeseni ya uso na mikono, lita sita kwa kila mgeni: 36. Jiko zima, kupika, chai na vyombo: 90. Vyombo hupanguswa kwa karatasi kabla ya kuguswa na tone la maji, na maji ya kusuuzia ya mchana ndiyo ya kuoshea ya jioni. Wafanyakazi, lita 10 kila mmoja, kunywa na kunawa: 40. Kwa siku ni lita 238, kwa siku tatu 714. Ongeza akiba 200. Zinabaki 86.

"Hizo ni za uongo wa binadamu," alisema. Mgeni husema amefunga koki.

Nilibaki nikiitazama ile 10. Viwango vya Sphere, vinavyofuatwa na mashirika ya misaada kwenye kambi za wakimbizi, vinataka angalau lita 15 kwa mtu kwa siku. Ulinganisho si wa haki kabisa, kwani hizo 15 zina kupika ndani yake na za Mzee hazina. Hata hivyo mgeni ana 18 za kujimwagia, mbali na chupa zake, na anayemchotea ana 10 za kunywa na kunawa. Nilimuuliza nani aliamua. Akajibu kwamba yeye mwenyewe. Kampuni haijawahi kumpa namba, inampa idadi ya vichwa tu. Je, akiwaongezea wafanyakazi wote wanne lita tano tano? Ni lita 60 kwa siku tatu, kilo 60. Tela linazimudu. "Halafu mgeni akiomba kuoga mara mbili, nimwambie nini?" Sikuwa na jibu, na sidhani lilikuwa swali langu kujibu.

Maji yenyewe anayachagua kwa ulimi na kwa pua. Mapipa ya bluu huuzwa yakiwa yameshafanya kazi nyingine, na pipa lililobeba dawa ya kiwandani haliwi la maji hata ulisugue mwaka mzima. Yake yalibeba juisi nzito, na siku ya jua kali bado yananukia machungwa kwa mbali. Mifuniko ni midogo makusudi, asipatikane wa kuzamisha kata. Maji hutolewa kwa pampu ya mkono. Tangi jeupe, anasema, lilipitisha mwanga na likaota ukijani ukutani. Kuhusu floridi, inayotia meno rangi ya kahawia kwa watu wengi wa pande za Meru, anajua kwamba kuchemsha hakuiondoi. Ndiyo maana anashikilia kisima kilekile anachokiamini, foleni iwe ndefu vipi.

Huko porini, tembo wa ukingo wa kreta wanaokwenda kunywa kwenye tangi la kambi ya Simba wamepata umaarufu. Mzee anawahofia zaidi nyuki. Pampu ikivuja tone moja wakati wa kiangazi, saa moja baadaye huwezi kulisogelea tela.

Nilimsimulia habari za Wamarekani wanaovuta nyumba za magurudumu hadi jangwani Arizona, karibu na Quartzsite, wakakaa majira ya baridi bila bomba. Nao hubishana iwapo waondoke na tangi limejaa au wajaze karibu na kambi, kwani galoni 40 ni kilo 151 za kukokota. Tena maji yao yaliyokwisha kutumika hayamwagwi ovyo. Huingia tangi jingine chini ya nyumba hiyohiyo.

Mzee alifikiri. "Kwa hiyo wanayabeba mara mbili."

Yeye safari ikiisha hapendi kurudi na kitu, na ukingo wa kreta haupandi na pipa la nusu. Kwa kawaida humwaga kabla ya mpando. Mahali hapo wanapita akina mama wa Kimaasai na punda waliofungwa madumu. Amewahi kusimama akawajazia, amewahi pia kupita. Anasema ukisimama leo kwenye boma moja, kesho maboma kumi yatakungoja barabarani, na wewe una lita ngapi? Nikamuuliza kama kumwaga ni rahisi zaidi. Akasema si rahisi, na hakuendelea.

Sasa kampuni imeagiza tela jipya, kwa sababu wageni wanataka maji yanayotiririka kutoka bombani. Lina pampu ya umeme na tangi moja la lita 1,500. Mzee ameomba ndani yake yachomelewe mabati mawili ya kugawa. Fundi mmoja wa Arusha amemwambia inawezekana, ila hajui mkono utapita wapi kusafisha nyuma ya bati. Ofisini hawajamjibu. Tela linatarajiwa kabla ya Desemba.