Ugali na Polenta: Maelezo kwa Vijana wa Ufipa Waendao Kusoma kwa Wataliani

Mara kwa mara vijana wa Sumbawanga na wa vijiji vya Ufipa, hasa waseminari na masista wanaopelekwa kusoma Roma au Perugia, hutujia na swali moja: "Mwalimu, huko tutakula nini?" Wako watu wanaolicheka swali hili. Sisi hatulicheki. Msafiri hukutana na meza ya wenyeji kabla hajakutana na vitabu vyao. Asiyejua desturi za meza hiyo hujitenga, na ajitengaye hajifunzi lugha. Basi twaona yafaa kueleza machache.

Tena safari hii si ngeni kwetu. Wazee wa Karema, chini ya milima yetu, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, wamkumbuka tabibu Adrian Atiman. Alizaliwa katika nchi za mto Niger, akatekwa mtumwa angali mtoto, akakombolewa na Mapadre Weupe. Toka mwaka 1881 hata 1888 alisomea utabibu katika kisiwa cha Malta, ambako siku hizo Kitaliani kilikuwa lugha ya wasomi na ya mahakama. Mwaka 1889 akafika Karema, akatibu watu huko mpaka alipofariki mwaka 1956. Elimu ile iliyotunufaisha sisi aliipata katika nchi ambayo hata salamu zake alijifunza ukubwani.

1. Saa na majina ya milo

Kosa la kwanza la mgeni huwa katika saa. Wataliani huhesabu saa tangu usiku wa manane, wala si tangu macheo kama sisi. Ukialikwa "alle otto", neno lenyewe ni "nane", lakini maana yake ni saa mbili. Atafsiriye neno kwa neno atafika saa nane, akute wenyeji wake wamelala au wako kazini.

Chakula cha asubuhi huitwa "colazione", nacho ni kidogo mno: kahawa na maziwa, na andazi tamu au kipande cha mkate. Aliyezoea bakuli la uji wa ulezi ataona njaa kabla ya saa nne. Na aweke akiba ya mkate. Chakula cha mchana ni "pranzo", cha usiku ni "cena".

Katika pranzo ya heshima vyakula havitoki pamoja. Kwetu ugali na kitoweo havitengani. Kwao kila kitu huja kwa zamu yake. Kwanza huletwa "primo", yaani tambi, wali au mchuzi. Sahani zikisha ondolewa huja "secondo", yaani nyama au samaki, pamoja na mboga ziitwazo "contorno". Wageni wengi hushiba kwa tambi wakidhani ndio mwisho, kisha nyama inapoletwa hawawezi kuila, na mama mwenye nyumba hudhani amedharauliwa. Ule kidogo, ungoje.

Liko na neno moja la kufurahisha. Mtaliani akichukua kipande cha mkate na kufuta mchuzi uliobaki sahanini, husema anafanya "scarpetta", yaani "kiatu kidogo". Tendo hilo si jingine ila kuchovya tonge! Nyumbani hulitenda kwa furaha. Mbele ya wageni wakubwa hujizuia. Mfipa atazame wenzake kwanza, ndipo afanye.

2. Ugali na polenta

Hapa twapenda kusimulia habari ya kijana mmoja tuliyemfundisha. Alipoulizwa na wenyeji wake kwao hula nini, aliona haya kuutaja ugali, akajibu, "Twala wali na mkate." Siku za likizo akaalikwa katika nyumba moja ya milimani, kaskazini mwa Italia. Akamwona bibi wa nyumba amesimama karibu na sufuria ya shaba, akikoroga unga wa mahindi kwa mti mrefu mfano wa mwiko. Ulipoiva aliumimina juu ya ubao, ukatulia kama mwezi mpevu, akaukata kwa uzi. Kijana akatuandikia hivi: "Mwalimu, nilimwona mama yangu."

Chakula kile ndicho polenta. Na udugu wake na ugali si wa sura tu, bali wa historia pia. Mahindi si ya Italia, wala si ya Ufipa; asili yake ni Amerika, nayo yalivuka bahari baada ya safari ya Kolumbus ya mwaka 1492. Kabla ya hapo Wataliani walisonga polenta yao kwa mtama na nafaka nyingine za zamani, kama babu zetu walivyosonga ugali wa ulezi uliolimwa katika matuta ya mviringo, yale intumba, ambayo majani hufukiwa ndani yake ili yarutubishe udongo. Nafaka moja ngeni ilipokelewa na mataifa mawili yasiyojuana, na yote mawili yakaipika kwa njia moja.

Lakini polenta ina fundisho chungu. Katika karne ya 18 na ya 19 maskini wengi wa kaskazini mwa Italia walikula polenta karibu peke yake, wakashikwa na ugonjwa uitwao pelagra. Ngozi huwa na vidonda, tumbo huharibika, hatimaye akili hupotea. Mahindi matupu hayampi mtu yote auhitajio mwili. Basi mama zetu wanaposema ugali hauliwi mkavu, wakaweka kando yake maharage au samaki wa Ziwa Rukwa, hawasemi kwa ulafi.

Kijana yule hakuwa na sababu ya kuona haya. Hata Wataliani wenyewe hutaniana kwa chakula: watu wa kusini huwaita wa kaskazini "polentoni", yaani walaji wa polenta, na wa kusini nao wameitwa walaji wa makaroni. Anayedharauliwa leo kwa chungu chake, jirani yake naye ana chake.

3. Sikukuu na matembezi

Mwanafunzi asikae chumbani. Jioni watu hutoka kwa "passeggiata", matembezi ya polepole njiani, wakisalimiana; hapo lugha hupatikana bila ada. Jumatatu ya Pasaka huenda mashambani na vikapu vya chakula, akialikwa, aende.

Wala asiende mikono mitupu. Katika Kolegio ya Propaganda Fide, iliyoanzishwa Roma na Papa Urbano wa Nane mwaka 1627, palikuwa na desturi kwamba kwenye Tokeo la Bwana wanafunzi husoma mashairi mbele ya watu, kila mmoja kwa lugha ya kwao. Mwandishi Goethe wa Ujerumani aliwasikiliza mwaka 1787, akayaandika aliyoyasikia. Basi kijana, kabla ya kupanda gari, na akae na bibi yake ajifunze hadithi mbili na vitendawili kumi vya Kifipa. Ataulizwa, na asiye na la kusimulia huonekana kana kwamba hana kwao.

Tumalize kwa neno moja. Mtaliani humwita mwenzake "compagno", nalo latoka katika Kilatini: "cum" ni pamoja na, "panis" ni mkate. Mwenzako ni yule mliyekula naye mkate mmoja. Sisi twasema, "Mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe." Methali yetu yatuonya, na neno lao latukaribisha. Aendaye ugenini ayachukue yote mawili: aketi mezani bila hofu, wala asiwasahau waliozaliwa naye.