Kitambaa Kilichowapa Wanahewa wa Kanada Ukoo Mmoja

Januari 1942. Vita vya Pili vya Dunia vimechacha. Kwenye kambi ya kufunza marubani huko Summerside, kisiwa cha Prince Edward, Kanada, mkubwa wa kambi ameketi na penseli za rangi. Ungedhani anachora ramani ya kushambulia mtu. Wapi! Anachora kitambaa.

Jamaa anaitwa Elmer Fullerton, cheo Group Captain. Alikuwa anapanga dina ya maofisa ya kumkumbuka Robert Burns, yule mshairi wa Uskoti ambaye siku yake ya kuzaliwa huadhimishwa kila Januari 25. Na sherehe ya Kiskoti bila tartani ni kama harusi ya Mombasa bila pilau. Noma ni kwamba jeshi la wanahewa la Kanada halikuwa na tartani yake. Hakuna jeshi la wanahewa popote duniani lililokuwa nayo. So msee akaamua kujichorea.

Leo, zaidi ya miaka 80 baadaye, hiyo kitu bado inavaliwa. Wacha nikuonyeshe venye ilitengenezwa, ju kuna mengi ndani kuliko drafti ya rangi.

Kwanza, tartani ni nini?

Ushaiona, hata kama hujui jina. Ni ile drafti ya kilti, zile sketi wanaume wa Uskoti huvaa wakipuliza zumari zilizobanwa kwapani. Mara ya kwanza kuiona unaweza kudhani shuka ya Maasai ilipanda ndege. Kwa Waskoti, mpangilio wa mistari huwa na mwenyewe. Ukoo wa MacDonald una yake, Campbell una yake. Ukivaa, watu wanajua wewe ni wa kina nani.

Na jeshi limekuwa kwa hii story tangu kitambo. Mwaka wa 1725 serikali ya Uingereza iliunda vikosi vya kulinda milima ya Uskoti, na mwaka wa 1739 vikageuzwa kuwa rejimenti moja. Hao ndio wanajulikana kama Black Watch, na tartani yao ni ile nzito ya kijani, bluu na nyeusi. Baadaye, Waskoti walipoasi na kushindwa, bunge la Uingereza likapitisha sheria mwaka wa 1746 ya kupiga marufuku mavazi yao ya asili. Ukishikwa mara ya kwanza, miezi sita ndani. Ukirudia, unasafirishwa ng'ambo miaka saba. Sheria hiyo ilikaa hadi 1782.

Lakini kulikuwa na mlango mmoja wazi: wanajeshi waliruhusiwa. Kwa karibu miaka 40, mwanaume wa milimani aliyetaka kuvaa kilti bila kukamatwa alikuwa na njia moja ya uhakika, aingie jeshi la serikali ile ile iliyomkataza. Kwa hivyo tartani ya jeshi haikuanza juzi, na haikuwahi kuwa urembo tu.

Mchoraji mwenyewe alikuwa nani?

Fullerton hakuwa mtu wa kungoja vitu viletwe. Mwaka wa 1921, akiwa rubani wa kampuni ya mafuta ya Imperial Oil, yeye na wenzake walikwama na ndege mbili huko Fort Simpson, kaskazini kabisa mwa Kanada, baada ya propela kuvunjika. Ni baridi, spea hakuna, duka hakuna. Seremala na mekanika wakachukua mbao za sleji, wakaziunganisha na gundi iliyochemshwa kutoka kwa mnyama anayeitwa moose, wakachonga propela nyingine. Na ndege ikapaa, maze.

Sasa mtu ametoka kwa maisha kama hayo, umwambie hakuna tartani? Atakuuliza penseli iko wapi.

Venye tartani huchorwa

Kuchora tartani si kumwaga rangi. Ni hesabu. Unaamua rangi ngapi, kila mstari uwe na nyuzi ngapi, na ipi inafuata ipi. Ukifika mwisho wa mpangilio, unarudi rivasi kwa hesabu ile ile, kama matatu iliyoingia kichochoro ikakosa pa kugeuzia. Halafu mpangilio wa nyuzi zinazoshuka, yaani mtande, unarudiwa na nyuzi zinazokatiza, yaani mshindio. Hapo ndipo miraba hutokea.

Ujanja uko hapa. Uzi wa maruni ukikatiza uzi wa bluu, jicho linaona rangi ya tatu ambayo hakuna mtu aliiweka. Rangi mbili zinakupa tatu. Rangi nne zinakupa kumi: zile nne zenyewe, na michanganyiko sita. Ukifika rangi sita, tayari uko na 21. Ndio maana kamati huharibu tartani. Huyu anataka rangi ya kikosi chake, yule anataka ya bendera, mwingine anataka ya medali, mwisho wa siku mnapata blanketi la rangi ya matope.

Kwa hivyo mchoraji mjanja anachagua. Rangi yenye nyuzi nyingi inakuwa uwanja, yaani ndiyo utaona mtu akiwa mbali. Rangi yenye nyuzi chache inakuwa laini nyembamba unayoiona tu ukikaribia. Kitu kikubwa kwa kikundi kinapewa nafasi kubwa. Siri ya ndani inapewa uzi mwembamba.

Tartani ya wanahewa wa Kanada ilifuata hiyo njia. Ina bluu iliyokolea, bluu nyepesi, maruni, na mistari myeupe. Hakuna picha ya ndege, hakuna bawa, hakuna herufi. Ukiiona unafikiria anga bila kuambiwa.

Lakini mchoro wa penseli hauvaliki. Kazi ikapelekwa Gagetown, New Brunswick, kwa wafumaji walioitwa Loomcrofters, wakiongozwa na Patricia Jenkins. Hao ndio waligeuza wazo la mkubwa kuwa nyuzi za kuhesabika na kufuma sampuli. Bosi anaweza kuchora anachotaka, ila fundi ndiye anajua kama kitambaa kitakubali.

Sampuli ikapanda ngazi hadi makao makuu ya jeshi, halafu ikavuka bahari hadi Edinburgh, kwa ofisi ya Lord Lyon, inayosimamia nembo huko Uskoti. Tarehe 15 Agosti 1942 ikakubaliwa. Jeshi la wanahewa likawa na tartani yake rasmi, ya kwanza ya aina hiyo duniani.

Kwani ilikuwa na haja?

Hapa ndipo nilisimama nikafikiria. Vita inaendelea, na mtu mzima anashughulika na sketi?

Cheki ni nani walikuwa kwa hizo kambi. Mpango wa kufunza marubani na wahudumu wa ndege uliofanyika Kanada wakati wa vita ulitoa zaidi ya watu 131,000. Wengi walikuwa vijana wa rika yetu, wametoka mashambani na mijini, wengine majina ya Kifaransa, wengine ya Kiukraine, wengine ya Kiingereza. Ukoo wa Kiskoti hawakuwa nao. Waliletwa pamoja, wakafunzwa, wakatumwa Ulaya, na wanahewa wa Kanada zaidi ya 17,000 hawakurudi kutoka kwa hiyo vita.

Tartani ya kawaida inakuuliza baba yako ni nani. Hii inakuuliza kama ulitumika. Hiyo ndiyo maana yake yote. Watu ambao hawana damu moja walipewa kitu ambacho kawaida kinapewa watu wa damu moja.

Wengine wakafuata nyayo. Mwaka wa 1964, Wamarekani waliokuwa na nyambizi zao za nyuklia huko Holy Loch, Uskoti, walitengenezewa tartani inayoitwa Polaris, jina la makombora waliyobeba. Wanamaji wa miguu wa Marekani, yaani Marines, nao wana yao inaitwa Leatherneck.

Siku hizi Uskoti ina rejista rasmi, iliyoundwa na sheria ya 2008. Ukitaka kusajili tartani, lazima dizaini yako iwe tofauti na zile zimesajiliwa, na uonyeshe una uhusiano gani na hilo jina unalolitumia. Huwezi amka tu useme hii ni ya jeshi fulani.

Mimi niliacha kampo katikati, so sina hata lile joho la graduesheni la kupigia picha na mathe. Pengine ndio maana hii story imenishika. Mtu anataka kuwa na kitu cha kuvaa kinachosema, hawa ndio watu wangu, tulipitia ile kitu pamoja. Ukiona bendi ya zumari ya wanahewa wa Kanada ikipita, angalia hiyo bluu na maruni. Majina ya waliovaa yametoka kila mahali, na mistari ni ile ile.