Bodaboda za mizigo: Shokapu za mbele zinavyookoa mali na maisha

Jina la bodaboda lilizaliwa mpakani. Katika miaka ya 1960 waendesha baiskeli wa Busia walikuwa wakivusha watu na mizigo kati ya upande wa Kenya na ule wa Uganda, na kilio chao cha kutafuta wateja, "mpaka hadi mpaka" kwa Kiingereza, kikageuka jina la kazi. Baiskeli nyingi zimeipisha pikipiki, lakini kazi ni ile ile: kubeba mayai, nyanya, vitambaa na vipuri katika barabara ambazo si zote zenye lami.

Tatizo ni kwamba pikipiki nyingi za cc 100 hadi 150 zimetengenezwa kumbeba mwendeshaji na abiria mmoja. Zikibebeshwa magunia kila siku, sehemu ya kwanza kulalamika ni shokapu. Wamiliki wengi huimarisha zile za nyuma na kuzisahau za mbele, ilhali usukani na sehemu kubwa ya nguvu ya breki hutegemea tairi la mbele.

Zinavyofanya kazi

Ndani ya kila bomba la shokapu ya mbele mna springi na oili. Springi hubeba uzito. Oili hupita katika matundu madogo na kuizuia springi isibonyee wala kurudi kwa kasi. Oili ikiisha au ikichakaa, springi hubaki peke yake: tairi hurukaruka juu ya mashimo na pua ya pikipiki huzama ghafla mwendeshaji anaposhika breki. Tairi linaloruka halishiki barabara, na pikipiki isiyoshika barabara haisimami kwa wakati.

Dalili za kuchoka ni rahisi kuziona. Oili huvuja na kuchora duara jeusi kwenye bomba. Shokapu hugonga hadi mwisho kwenye kila shimo. Usukani huyumba kwenye kona, na tairi la mbele hulika kwa mabaka. Oili inayovuja ikifika kwenye diski au viatu vya breki, breki hupotea. Pikipiki ya namna hiyo haifai kutoka gereji.

Kuanza na yasiyo na gharama

Kabla ya kununua chochote, upepo wa matairi upimwe na beringi za usukani zikaguliwe. Gurudumu la mbele likiwa limenyanyuliwa, fundi avute miguu ya shokapu mbele na nyuma. Kukiwa na mchezo, beringi zimelegea. Wengi huzilaumu shokapu kwa kosa la beringi. Aidha, bomba lililopinda kwa ajali libadilishwe, lisinyooshwe kwa nyundo, kwani chuma kilichokwisha kupinda hupoteza nguvu.

Hatua ya pili ni oili na sili. Oili ya zamani imwagwe yote, mabomba yasafishwe, na oili ya shokapu iwekwe kwa kipimo cha kitabu cha pikipiki, sawa pande zote mbili. Baadhi ya mafundi humimina oili ya injini iliyo nzito wakidhani wanaongeza ugumu. Matokeo yake shokapu hurudi polepole mno: shimo la pili hulikuta bomba bado limebonyea, na la tatu hulikuta limefika mwisho. Kujaza kupita kiasi nako kuna hasara, kwa sababu hewa iliyobaki juu hubanwa sana na kuzisukuma sili nje. Bomba lenye kutu nalo hukata sili mpya mara moja.

Kupima na kubadili springi

Kipimo chake ni rahisi. Mpira mwembamba hufungwa kwenye bomba la ndani, kisha mwendeshaji hukaa na mzigo wake wa kawaida huku wenzake wakiishika pikipiki wima. Shokapu yenye mwendo wa milimita 120 ikizama kati ya 30 na 40, yaani robo hadi theluthi, hali ni nzuri. Ikizidi hapo, springi ni laini au zimechoka.

Dawa ya bei nafuu ni kuongeza kipande cha bomba cha milimita 10 hadi 20 juu ya springi. Kipande hicho huinua mbele, lakini hakiifanyi springi kuwa ngumu. Anayebeba mizito kila siku anahitaji springi ngumu zaidi, zilizobadilishwa zote mbili kwa pamoja. Fundi aondoe uzito kwenye gurudumu kabla ya kufungua kifuniko cha juu, kwani springi iliyobanwa inaweza kukirusha usoni.

Mzigo nao una kosa lake

Hata hivyo, hakuna shokapu inayotibu mzigo uliopangwa vibaya. Gunia likikaa nyuma ya ekseli ya nyuma, hunyanyua pua ya pikipiki. Usukani huwa mwepesi na tairi la mbele hushindwa kushika kona. Mzigo mzito ukae chini na mbele iwezekanavyo, karibu na mwendeshaji, na usizidi kiwango cha mtengenezaji.

Baada ya matengenezo, pikipiki ijaribiwe kwanza bila mzigo, kisha na nusu ya mzigo, ndipo irudishwe kazini. Kwa mfanyabiashara anayelipa usafiri, dakika moja ya kuangalia mabomba ya mbele kabla ya kufunga trei za mayai ni nafuu kuliko kuhesabu yaliyovunjika akifika ng'ambo ya mpaka. Kwa mwendeshaji, kinachookolewa si mayai peke yake.