UZI: "Tumekata rufaa" si sawa na "uamuzi umesimama"

1/ Kila uamuzi mkubwa wa korti ukitoka, mitandaoni huzuka kambi mbili. Ya kwanza: "Tumeshinda, imeisha!" Ya pili: "Tumekata rufaa, kwa hivyo uamuzi huo haufanyi kazi." Zote mbili zinapotosha. Wacha tuelewane jinsi rufaa inavyokwenda hapa Kenya, kwa sababu mambo haya yanagusa mshahara wako, shamba lako na hata uhuru wako.

2/ Kwanza ngazi. Chini kuna mahakama za hakimu na za kadhi. Juu yao kuna Mahakama Kuu. Pembeni mwa Mahakama Kuu, kwa hadhi ileile, ziko Mahakama ya Mazingira na Ardhi na ile ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Halafu Mahakama ya Rufaa. Kileleni kabisa ni Mahakama ya Juu, ile magazeti huita Mahakama ya Upeo, yenye majaji saba. Uamuzi wake unazifunga korti zingine zote.

3/ Rufaa si kesi kuanza upya. Mashahidi kwa kawaida hawaitwi tena. Majaji wanasoma rekodi: nani alisema nini, stakabadhi gani zilitolewa, hakimu aliandika nini. Kazi yao ni kuuliza: je, yule wa chini alikosea? Ndiyo maana wakili mzuri huhakikisha kila kitu kimeingia kwenye rekodi mapema. Kisichokuwa kwenye rekodi ni vigumu sana kukiingiza huko juu.

4/ Rufaa ya kwanza ina uwanja mpana. Korti inapima ushahidi upya na sheria pia, ikikumbuka kwamba haikuwaona mashahidi ana kwa ana. Rufaa ya pili ni mlango mwembamba: hoja za sheria tu. "Je, mshtakiwa alikuwa sokoni saa mbili usiku?" Hilo ni swali la ukweli wa mambo. "Je, hakimu alikuwa na uwezo wa kutoa adhabu hiyo?" Hilo ni swali la sheria. Ukienda rufaa ya pili kubishana kuhusu soko, utarudi mikono mitupu.

5/ Muda. Hapa ndipo watu wengi wa kawaida hupoteza haki yao. Kutoka kwa hakimu kwenda Mahakama Kuu: siku 14 kwa kesi ya jinai, siku 30 kwa kesi ya madai. Kutoka Mahakama Kuu kwenda Mahakama ya Rufaa kwa kesi ya madai: notisi ya rufaa ndani ya siku 14, kisha rekodi kamili ndani ya siku 60 tangu notisi iwasilishwe. Ukichelewa unaweza kuomba uongezewe muda, lakini lazima ueleze sababu, na korti inaweza kukataa.

6/ Na shida ya kweli huwa wapi? Kuchapishwa kwa mwenendo wa kesi. Unaweza kungoja miezi. Kwa hivyo shika hili: omba nakala ya mwenendo KWA MAANDISHI ndani ya siku 30 tangu uamuzi, na umpe mpinzani wako nakala ya barua hiyo. Ukifanya hivyo, msajili anaweza kuthibitisha muda uliotumika kuandaa nakala, na muda huo hauhesabiwi kwenye zile siku 60. Usipoandika barua, utajitetea na nini?

7/ Sasa kiini cha uzi huu. KUKATA RUFAA HAKUSIMAMISHI UAMUZI. Kanuni zetu zinasema hivyo waziwazi. Ukishindwa kesi ya deni leo na ukakata rufaa kesho, yule aliyekushinda bado anaweza kumtuma dalali achukue mali yako, mpaka korti itoe amri ya kusitisha utekelezaji. Amri hiyo unaiomba kando, na una kazi ya kuishawishi korti.

8/ Mahakama ya Rufaa huuliza mambo mawili: je, rufaa hii ina hoja ya maana ya kusikizwa? Na je, tusiposimamisha, rufaa ikifaulu baadaye itakuwa imebaki bila faida? Nyumba ikishabomolewa, ushindi wa mwaka kesho utakusaidia nini? Kwenye kesi za umma huangalia pia maslahi ya wananchi. Na kesi za pesa zinazoenda Mahakama Kuu, tarajia kuambiwa uweke dhamana.

9/ Mfano tunaoujua sote: Sheria ya Fedha ya 2023 na ile ada ya nyumba ya asilimia 1.5. Tarehe 28 Novemba 2023 Mahakama Kuu ilisema ada hiyo inakiuka katiba. Lakini siku hiyohiyo ikasitisha utekelezaji hadi Januari. Ndiyo sababu watu waliona makato yakiendelea wakauliza, "Si tulishinda?" Mlishinda, ndiyo, lakini amri ya kusitisha ilikuwapo.

10/ Tarehe 26 Januari 2024 Mahakama ya Rufaa ikakataa kuongeza muda wa kusitisha. Rufaa ilikuwa bado ipo, haijasikizwa hata kidogo, lakini uamuzi wa Mahakama Kuu ukaanza kuuma. Ada ikabaki bila mguu wa kisheria, hadi Bunge lilipopitisha sheria mpya ya nyumba Machi 2024. Umeona tofauti? Kilichobadilisha karatasi yako ya mshahara ni amri ya kusitisha kuwapo au kutokuwapo. Notisi ya rufaa haikugusa hata senti.

11/ Haikuishia hapo. Julai 31, 2024 Mahakama ya Rufaa ikatangaza sheria NZIMA ni batili. Mahakama Kuu ilikuwa imeondoa vifungu kadhaa tu! Agosti, Mahakama ya Juu ikasitisha uamuzi huo. Oktoba 29, 2024 ikautengua. Korti tatu, majibu matatu. Wengine husema hii ni fujo. Mimi naona ni mfumo unaokubali kwamba jaji ni binadamu, na kila ngazi inalazimika kuandika sababu zake ili wengine wazipime.

12/ Funzo la pembeni: ukienda juu unaweza kurudi na kidogo kuliko ulichoenda nacho. Kwenye jinai pia. Ukikata rufaa dhidi ya adhabu, Mahakama Kuu ina uwezo wa kuipunguza na pia kuiongeza. Na kama ulikiri kosa, kwa kawaida unaweza kulalamikia adhabu tu, si kupatikana na hatia. Kwa hivyo yule anayekwambia "kiri tu, tutakata rufaa baadaye" hakutakii mema.

13/ Je, kila kesi hufika Mahakama ya Juu? La. Kuna milango miwili mikuu: kesi inahusu tafsiri au matumizi ya katiba, au imethibitishwa kuwa ina umuhimu mkubwa kwa umma. Na suala la katiba liwe lilijadiliwa huko chini. Huwezi kulichomeka kwa mara ya kwanza ukifika kileleni.

14/ Uchaguzi wa urais ni tofauti kabisa. Kesi huanzia Mahakama ya Juu na kuishia hapohapo: siku 7 za kuiwasilisha baada ya matokeo kutangazwa, siku 14 za kuisikiza na kuiamua. Hakuna rufaa. Ugavana na ubunge huanzia Mahakama Kuu, na rufaa yake ni ya hoja za sheria pekee.

15/ "Basi twende Arusha!" Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki si korti ya rufaa juu ya korti zetu. Inaangalia kama nchi imekiuka Mkataba wa Jumuiya. Ni njia halali, ila ni kesi ya aina nyingine.

16/ Kwa hivyo siku nyingine mwanasiasa wa upande wowote akisimama jukwaani kusema "tumekata rufaa, endeleeni kama kawaida," muulize maswali matatu. Iko wapi amri ya kusitisha? Imetolewa na korti gani? Inaisha lini? Akikosa jibu, uamuzi bado una nguvu, na anayeupuuza anavunja sheria, hata kama hatimaye atashinda rufaa yake.

Mwambie na jirani aliyeshindwa kesi wiki jana. Siku zake 14 zinahesabika.