Saba Saba (Kenya)

Saba Saba ni jina la harakati za kudai mfumo wa vyama vingi nchini Kenya. Jina linatokana na mkutano wa hadhara uliopangwa kufanyika katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi, tarehe 7 Julai 1990, yaani siku ya saba ya mwezi wa saba. Serikali iliunyima mkutano huo kibali, polisi wakautawanya, na ghasia zikaenea kwa siku kadhaa katika Nairobi na miji ya jirani. Jina hilohilo lilitumika tena kwa maandamano ya mwaka 1997 na kwa kumbukumbu zilizofuata. Lisichanganywe na Saba Saba ya Tanzania, inayokumbuka kuanzishwa kwa chama cha TANU tarehe 7 Julai 1954 na ambayo siku hizi huambatana na maonyesho ya biashara ya Dar es Salaam.

Harakati hizi hutajwa mara nyingi panapojadiliwa kama maandamano ya barabarani yanaweza kuleta mabadiliko ya kisiasa yanayodumu. Katika Kenya mfumo wa chama kimoja uliondolewa kwenye katiba miezi 17 baada ya siku ile, rais aliyekuwa akipingwa aliondoka madarakani baada ya miaka 12, na katiba mpya ilipatikana baada ya miaka 20. Kila hatua ilihitaji watu barabarani, lakini hakuna hata moja iliyopatikana kwa njia hiyo peke yake.

Chanzo

Kenya ilipata uhuru mwaka 1963 ikiwa na vyama vingi. Mwaka uliofuata chama cha upinzani cha KADU kilijivunja na kujiunga na KANU. Chama cha KPU, kilichoongozwa na Jaramogi Oginga Odinga, kilipigwa marufuku mwaka 1969. Tangu hapo KANU ilibaki peke yake, ingawa sheria haikukataza kuanzishwa kwa chama kingine. Mwaka 1982 Odinga na George Anyona walipotaka kuanzisha chama kipya, bunge lilibadilisha katiba haraka na kuingiza kifungu cha 2A, kilichosema kwamba Kenya itakuwa na chama kimoja tu cha siasa, nacho ni KANU.

Mamlaka ya Rais Daniel arap Moi, aliyeingia madarakani mwaka 1978, yaliongezeka katika miaka iliyofuata. Mwaka 1986 Mwanasheria Mkuu na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu waliondolewa ulinzi wa kikatiba wa vyeo vyao, na mwaka 1988 majaji nao waliondolewa.

Jambo lililowaudhi wananchi wengi zaidi lilikuwa uchaguzi wa mwaka 1988. Kura ya mchujo ndani ya KANU ilipigwa kwa mlolongo: wapiga kura walipanga foleni nyuma ya mgombea wao au wakala wake, kisha wakahesabiwa. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 alihesabiwa kuwa amechaguliwa bila kupita katika kura ya siri. Kwa kuwa hapakuwa na karatasi za kura, hesabu haikuweza kurudiwa, na katika maeneo kadhaa mstari mfupi ulitangazwa kuwa mshindi mbele ya macho ya watu waliosimama katika mstari mrefu. Mwanasiasa Charles Rubia alipoteza kiti chake katika uchaguzi huo. Waziri Kenneth Matiba alijiuzulu Desemba 1988 baada ya kulalamikia udanganyifu katika uchaguzi wa ndani ya chama.

Tarehe 1 Januari 1990 Mchungaji Timothy Njoya wa Kanisa la Kipresbiteri alizungumzia katika mahubiri yake kuanguka kwa tawala za chama kimoja katika Ulaya Mashariki na kuitaka Afrika ijifunze. Mwezi Februari waziri wa mambo ya nje, Robert Ouko, aliuawa, na mauaji hayo yalizidisha hasira dhidi ya serikali. Tarehe 3 Mei Matiba na Rubia waliita waandishi wa habari na kudai wazi kwamba mfumo wa vyama vingi urudishwe.

Siku ya 7 Julai 1990

Matiba na Rubia waliomba kibali cha kufanya mkutano Kamukunji, wakanyimwa. Wakati huo sheria iliwataka wote wanaotaka kufanya mkutano wa hadhara wapate kwanza ruhusa ya serikali, kwa hiyo mkutano wa wapinzani ulikuwa kosa kabla haujaanza. Tarehe 4 Julai wawili hao walikamatwa na kuwekwa kizuizini bila kushtakiwa. Raila Odinga, mwana wa Jaramogi, alikamatwa pia katika siku hizo.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Watu walikwenda Kamukunji ingawa waitishaji walikuwa kizuizini. Polisi waliwatawanya kwa gesi ya machozi, virungu na risasi, na makabiliano yakahamia mitaani. Watu walionyesha vidole viwili kama ishara ya vyama vingi, kinyume na kidole kimoja kilichokuwa ishara ya KANU. Katika siku zilizofuata ghasia zilifika Kiambu, Thika, Murang'a, Nyeri na Nakuru. Watu wasiopungua 20 walikufa, na zaidi ya 1,000 walikamatwa.

Mawakili waliotetea mageuzi nao waliandamwa. Gitobu Imanyara, mhariri wa jarida la Nairobi Law Monthly, alikamatwa, na Gibson Kamau Kuria alikimbilia ubalozi wa Marekani. Matiba alipatwa na kiharusi mwaka 1991 akiwa kizuizini, na afya yake haikurudi tena kama zamani.

Kufutwa kwa kifungu cha 2A

Kwa muda mfupi ilionekana kwamba serikali imeshinda. Hata hivyo KANU iliunda kamati chini ya Makamu wa Rais George Saitoti ili kusikiliza maoni ya wananchi, na watu wengi walijitokeza na kusema mbele yake mambo ambayo awali yalisemwa kwa kunong'ona. Desemba 1990 chama kilikubali kuacha mlolongo.

Agosti 1991 wanasiasa wazee na vijana, wakisaidiwa na mawakili, waliunda FORD, jukwaa la kudai kurudishwa kwa demokrasia. Kati ya waanzilishi wake walikuwa Oginga Odinga, Masinde Muliro na Martin Shikuku. Tarehe 16 Novemba 1991 walijaribu kufanya mkutano mwingine Kamukunji, na viongozi wakakamatwa. Siku chache baadaye nchi wahisani zilikutana Paris na kusimamisha misaada mipya kwa Kenya kwa miezi sita. Mapema Desemba Moi aliwaambia wajumbe wa KANU huko Kasarani kwamba kifungu cha 2A kifutwe, na bunge likakifuta mwezi huohuo.

Wapo wanaosema kwamba ni wahisani waliomlazimisha Moi. Misaada ilikuwa na uzito mkubwa, na kumalizika kwa vita baridi kulifanya nchi za Magharibi ziache kuvumilia mengi. Lakini wahisani haohao walikuwa wamefanya kazi na serikali ya chama kimoja kwa miaka mingi. Bila vifo vya Julai 1990 na kukamatwa kwa watu mbele ya kamera, wasingekuwa na sababu ya haraka ya kubadili msimamo.

Uchaguzi wa 1992

Harakati zilikuwa zimekubaliana juu ya jambo moja, yaani kuondoa chama kimoja. Hazikukubaliana juu ya nani atawale baadaye. Mwaka 1992 FORD iligawanyika ikawa FORD-Kenya ya Odinga na FORD-Asili ya Matiba, na Mwai Kibaki alikuwa na chama chake cha Democratic Party. Katika uchaguzi wa tarehe 29 Desemba 1992 Moi alishinda kwa takriban asilimia 36 ya kura. Matiba, Kibaki na Odinga kwa pamoja walipata zaidi ya asilimia 60.

Kipindi hicho kilikuwa pia na mapigano ya kikabila, hasa katika Bonde la Ufa, yaliyoanza mwaka 1991. Mamia ya watu waliuawa na maelfu walifukuzwa makwao, na wengi wao hawakurudi.

Saba Saba ya 1997

Baada ya uchaguzi ilionekana kwamba vyama vingi vilikuwepo, lakini sheria za zamani zilibaki. Chama cha upinzani kilihitaji bado kibali cha kuhutubia watu. Mwaka 1997 mashirika ya kiraia, makanisa na wanasiasa walikutana Limuru na kuunda baraza la NCEC, lililodai mageuzi ya katiba kabla ya uchaguzi.

Tarehe 7 Julai 1997 mikutano iliitishwa katika miji mbalimbali. Polisi waliishambulia, na watu kadhaa waliuawa. Katika Nairobi waliingia hadi ndani ya Kanisa Kuu la All Saints na kuwapiga waliokuwemo, akiwemo Mchungaji Njoya. Mgomo mwingine ulifuata tarehe 8 Agosti, ukaitwa Nane Nane.

Serikali ilikubali mazungumzo, lakini pamoja na wabunge tu, katika kundi lililojulikana kama IPPG. NCEC, iliyowatoa watu barabarani, iliachwa nje. Makubaliano ya IPPG hayakugusa mamlaka makuu ya rais. Yalibadilisha hata hivyo sheria za kila siku: kibali cha mkutano kiliondolewa na badala yake ikatosha kuwapa polisi taarifa, sheria ya kumfunga mtu bila kumshtaki ilifutwa, na upinzani ulipata wajumbe 10 katika tume ya uchaguzi. Moi alishinda tena mwaka huo dhidi ya upinzani uliogawanyika.

Kutoka 2002 hadi katiba mpya

Wakati wa kurudisha vyama vingi, katiba ilikuwa imewekewa ukomo wa vipindi viwili vya urais. Wakati huo wengi hawakukitilia maanani kipengele hicho. Mwaka 2002 ndicho kilichomzuia Moi kugombea tena. Wapinzani waliungana katika muungano wa NARC, na Kibaki alimshinda mgombea wa KANU, Uhuru Kenyatta, kwa takriban asilimia 62 ya kura. Madaraka yalikabidhiwa kwa amani.

Katiba mpya iliyoahidiwa ilichelewa. Rasimu ya mwaka 2005 ilikataliwa katika kura ya maoni. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,100 waliuawa, na ni hofu ya kurudia maafa hayo iliyowasukuma viongozi kukubaliana. Katiba ilipitishwa kwa kura ya maoni tarehe 4 Agosti 2010 na kutangazwa rasmi tarehe 27 Agosti katika bustani ya Uhuru Park. Ibara yake ya 37 inampa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani na bila silaha.

Yaliyodumu na yasiyodumu

Yaliyodumu ni yale yaliyoandikwa katika sheria na kupata watu wa kuyalinda mahakamani, bungeni na katika vyombo vya habari: kura ya siri, vyama vingi, ukomo wa urais na haki ya kukutana bila kibali. Hakuna rais aliyeweza kuyafuta tangu hapo.

Mambo yaliyotegemea nia njema ya viongozi hayakudumu. Umoja wa upinzani ulivunjika mwaka 1992, na ule wa NARC ulivunjika ndani ya miaka michache. Siasa za ukabila ziliendelea. Tabia ya polisi mbele ya waandamanaji haikubadilika kwa kiasi ambacho katiba inakitaka.

Matukio ya karibuni yameonyesha pande zote mbili. Juni 2024 vijana walioandamana dhidi ya Muswada wa Fedha walimfanya Rais William Ruto aukatae muswada huo, siku moja baada ya waandamanaji kuingia katika majengo ya bunge na watu kadhaa kuuawa kwa risasi. Desemba mwaka huohuo baadhi ya mapendekezo ya kodi yalipitishwa kwa sheria nyingine. Tarehe 7 Julai 2025, katika kumbukumbu ya miaka 35 ya Saba Saba, barabara za kuingia Nairobi zilifungwa, na Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilitangaza kwamba watu 31 waliuawa siku hiyo, idadi inayozidi ile ya vifo 20 vya mwaka 1990.

Tazama pia

Historia ya Kenya
Katiba ya Kenya
KANU
Daniel arap Moi
Kenneth Matiba